Ua la Tope Nyuma ya Tangi

Mtaa mzima ulimwita Presha, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, atakutukana kwanza, halafu ndiyo atazame kama ulikusudia. Shule aliiacha mwenyewe, siku mwalimu wa hesabu alipomwambia kichwa chake ni kopo tupu. Alimjibu mwalimu jibu ambalo haliandikiki, akabeba begi lake, na ndiyo ikawa kwaheri.

Lakini kwenye bomba, bwana, yule kijana alikuwa mtu mwingine. Anaweka kiganja ukutani, anafumba macho, anakwambia maji yanapita hapa, yanapotelea pale. Mafundi wengine wakiitwa kutafuta mahali panapovuja, wanavunja vigae vya bafu nzima mpaka mwenye nyumba analia. Yeye anavunja kigae kimoja, anaingiza mkono, anatoa nati iliyooza, anakurushia miguuni. "Huyu hapa mwizi wako." Basi sifa zikamjaa, na mtu akishajaa sifa hana pa kuweka kitu kingine.

Ila kulikuwa na aibu moja, na ilikuwa nyumbani kwao.

Aliishi na shangazi yake, dada wa baba, mama aliyemlea tangu baba mtu aliposema anaenda kutafuta kazi na mpaka leo bado anaitafuta. Shangazi alikuwa dobi wa hospitali maisha yake yote ya kazi, akifua mashuka ya wagonjwa mpaka vidole vikawa vyeupe ncha zake. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na sebule, bati juu, na nyuma kiuwanja kidogo chenye tangi la maji lililowekwa juu ya jukwaa la zege. Chini ya tangi, pale bomba linapopinda kuingia jikoni, kona yake ilikuwa inavuja. Haikuwa inamwaga. Ndo. Ndo. Ndo. Mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, kati ya jukwaa na uzio wa jirani, mpaka ardhi pale ikawa tope jeusi lisilokauka, pana kama godoro.

Na kwenye tope hilo Shangazi alikuwa na maua yake.

Hayakuwa maua ya duka. Yalikuwa gugu, kama ukimsikiliza mtu asiyejua. Shina jekundu lenye mrija katikati, limesimama mpaka kifuani mwa mtu mzima. Majani marefu yenye vinyweleo. Na juu kabisa kishada cha zambarau, laini, kama mtu kachambua sufi akaichovya kwenye rangi. Jua likikolea linanukia asali. Basi hapo ndipo utaona mambo: nyuki wadogo, vipepeo wa rangi ya chungwa, na wale nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao za paa, wanakuja wananguruma kama pikipiki mbovu. Wakishiba pale wanahamia kwenye mpasheni uliotambaa juu ya uzio, nao mpasheni ulikuwa unazaa mpaka unachosha, upande huu na upande wa jirani.

Shangazi aliliita ua la tope. Alilitoa kwenye kinamasi cha bondeni, kule alikozaliwa yeye. Mama yake alikuwa analipanda kando ya maharage ili nyuki waje. Halafu wakaja watu na magari ya kifusi, wakalifukia bonde lote. Asubuhi ile malori yananguruma, Shangazi aliingia kwenye tope na nguo zake za kazini, akang'oa mzizi mmoja kwa mikono, akaufunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akapanda nao basi akiwa kichwa wazi, yeye ambaye hajawahi kutoka nje kichwa wazi. Alipofika hapa nyumbani akatafuta pahali penye maji yasiyokauka, akapaona chini ya tangi. Palikuwa pamoja tu.

Habari hiyo Presha alishaisikia mara nyingi, akiwa anakula, akiwa anatafuta soksi, akiwa anasinzia. Iliingilia sikio hili ikatokea lile. Yeye alichokuwa anakiona pale nyuma ni bomba linalovuja.

"Shangazi, niikaze tu hiyo kona. Ni kazi ya kupiga chafya."

"Iache."

"Watu wananicheka. Fundi bomba, kwake kunavuja!"

"Waache wacheke, meno ni yao."

Siku moja alijaribu kwa siri, spana mkononi. Alipigwa mwiko wa vidole, mwiko wa moto kutoka sufuriani, na yeye mwanaume mwenye ndevu.

Basi ikafika wakati binti wa Shangazi, ambaye Presha humwita dada, akakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Anaishi mbali, safari ya kulala njiani. Shangazi akafunga begi, akampa Presha maagizo ya gesi, ya mlango, ya paka wa watu asiingie jikoni. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na huko nyuma usiguse kitu. Umenisikia?"

"Nitagusa nini mimi kwenye magugu?"

"Nimekuuliza, umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Upande wa pili wa uzio alikaa mama mmoja, mjane, mwenye sauti ya kufika mbele kabla yake. Mtaa ulimwita Redio. Habari ikianza asubuhi, mchana ipo kwake, na jioni anaitangaza ikiwa imeongezwa chumvi. Sasa Presha alikuwa amekuja na mteja nyumbani, mzee mmoja wa maana mwenye jengo la kupangisha, kumwonyesha mabomba aliyoyahifadhi uani. Kazi kubwa, vyoo vya jengo zima. Wamesimama nyuma, mzee anakagua bomba, kumetulia, na katikati ya utulivu huo: ndo. Ndo. Ndo.

Redio akachungulia juu ya uzio, nguo za kuanika mkononi.

"Mzee, umemleta fundi au fundi kakuleta wewe umtengenezee?"

Mzee akatazama kona. Akatazama tope. Akacheka, kicheko cha heshima, cha kufunika mdomo, ambacho ndicho kibaya zaidi. Kazi alimpa, lakini Presha hakusikia hata lini aanze. Masikio yalikuwa yanawaka.

Mzee hajafika kona ya mtaa, Presha ameshafunga maji. Alikata bomba kwa msumeno wa chuma, akaweka kona mpya, akazungusha tepu nyeupe kama anayefunga kidonda cha mtoto, akakaza mpaka spana ikalia. Akafungua maji. Akasubiri, kiganja chini ya bomba. Kikavu! Hata jasho la bomba hakuna. Akasimama, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Redio! Njoo utangaze na hii!"

Na moyoni alijiambia hajagusa kitu. Shangazi kasema asiguse maua. Je, kagusa ua hata moja? Bomba si ua.

Kazi ya lile jengo ikammeza. Alikuwa anatoka jua halijachomoza, anarudi amenuka mitaro, anakula mkate na chai, analala. Nyuma hakwenda. Akienda ni giza, anachota maji, anarudi. Mpaka ikafika siku ya mapumziko, akatoka na beseni la nguo, akakaa kwenye kigoda kufua, na kitu kikawa kinamsumbua asikijue. Alifua shati. Akafua suruali. Akainua kichwa. Kimya! Hakuna mngurumo, hakuna hata nzi wa kumkera.

"Na wewe umeona eeh?" Redio akasema kutoka kwake, na safari hii hakuwa anacheka. "Maua ya mpasheni yanadondoka tu. Yanafunguka, yanadondoka. Hayashiki. Wale nyuki wako wamekwenda wapi?"

Presha akaacha nguo. Akazunguka nyuma ya jukwaa.

Tope lilikuwa limepasuka kama kisigino cha mtembea peku. Mashina yote yalikuwa yameinama, majani yamejikunja yamekuwa rangi ya karatasi ya mkate, na vile vishada vya zambarau vilikuwa vumbi. Alishika shina moja, likamkatikia mkononi kwa sauti ndogo.

Mtu mwingine angetulia afikirie. Presha alikasirika. Alilikasirikia ua.

"Maji tu? Yaani umeshindwa kukaa bila maji kidogo tu? Haya, maji utayapata leo!"

Akafunga mpira wa maji kwenye koki, akafungua yote, akabana mdomo wa mpira kwa kidole ili yaruke kwa nguvu. Maji yakapiga ardhi, ardhi kavu haikunywa, yakageuka mto. Udongo ukaondoka nao, ukapita chini ya uzio. Mashina yaliyokuwa yameinama yakalala. Mizizi ikatoka nje kama mifupa.

"Wewe!" Redio akapiga kelele, ameinua nguo miguuni. "Unaliogesha au unalizika? Sebule yangu hiyo!"

Alipofunga maji, pale palikuwa shimo. Kesho yake palikuwa pakavu tena, na pabaya kuliko mwanzo.

Sasa ndipo hofu ilipomwingia, na hofu ya mtu mwenye hasira haina adabu, inamkimbiza ovyo. Akachukua kishada kimoja kikavu, akakiweka mfukoni, akaenda kwa muuza miche wa barabarani.

"Unalo hili?"

Muuza miche akakiangalia, akakipuliza, kikapeperuka nusu. "Hili gugu, kaka. Chukua waridi. Nina waridi nyekundu, nina ya njano."

"Nimekuuliza waridi mimi?"

"Basi usinikoromee, mimi sikukuotea gugu."

Nusura wakunjane mashati. Akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu, wote wakamwonyesha waridi. Mwishoni alipanda pikipiki mpaka kule bondeni, kwa asili yenyewe, akijua kabisa atakachokikuta, maana alishaambiwa kila siku akiwa anakula. Yalikuwa malori. Sakafu ya kokoto, matairi yaliyorundikwa, mlinzi na mbwa wake. Kwenye mtaro wa kando hakukuwa hata jani la kufanana.

Akasimama pale na kofia ya pikipiki mkononi, na maneno ya Shangazi, yale ya miaka yote yaliyoingia huku yakatokea kule, yakamrudia yote kwa pamoja. Palikuwa pamoja tu. Yeye ndiye kapakausha.

Simu ilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, anatazama shimo.

"Tumepata mtoto wa kike," Shangazi akasema. "Ana sauti kama yako. Kalia mpaka mkunga kaziba masikio."

"Hongera, Shangazi. Hongera sana. Dada mzima?"

"Mzima, anakula kama mchimba visima. Uko wapi hapo?"

"Nipo nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nyuma."

"Nyamaza kidogo nisikie nyumbani kwangu."

Presha akanyamaza. Simu nayo ikanyamaza. Alitamani lori lipite, mbwa abweke, Redio atangaze chochote. Hakuna.

"Mbona sisikii kitu?"

"Mtandao, Shangazi."

"Mtandao umesikika vizuri mtoto alipolia." Halafu, polepole: "Umeikaza ile kona."

Angeweza kubisha. Kubisha ndiyo kazi yake ya pili. Lakini safari hii hakubisha.

"Nimeikaza. Limekauka lote. Halafu nikalipiga na mpira nikalimalizia. Nimelitafuta kila mahali halipo. Nimekwenda mpaka bondeni. Shangazi, nimekuulia."

Alisubiri radi. Alishika simu mbali kidogo na sikio, maana alijua Shangazi akifungua mdomo hata mbwa wa mtaa wanaondoka.

"Unalia?"

"Silii."

"Na hizo kamasi ni za nani?"

"Vumbi."

"Haya. Nisikilize, mwenye vumbi. Yale ya juu usiyahesabu. Yale ni nguo. Mwenyewe anakaa chini. Hata bondeni mwaka wa ukame lilikuwa linaonekana limekufa, sisi watoto tunalia, mama anatuambia chimbeni. Chukua kijiko. Sikusema jembe, sikusema koleo, nimesema kijiko. Chimba utafute mzizi, uukwaruze kwa kucha. Ukiwa wa kahawia mpaka ndani, achana nao. Ukiwa mweupe, nipigie."

"Na usipokuwepo mweupe?"

"Chimba kwanza," Shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Presha alipiga magoti na kijiko cha chai. Mikono ile iliyozoea kukaza na kuvunja ikaanza kuondoa udongo kidogo kidogo. Mzizi wa kwanza ulivunjika kama biskuti. Kahawia. Wa pili kahawia. Wa tatu, wa nne, sijui wa ngapi, yote unga mtupu. Redio alikuwa amesimama uzioni muda wote huo, anahesabu naye.

"Jaribu kule chini ya zege," akasema baadaye, taratibu. "Kule kivulini."

Presha akalala kifudifudi, shavu kwenye udongo, akaingiza mkono wote chini ya jukwaa. Akachimba kwa vidole, kijiko kilikuwa hakifiki. Akagusa kitu kigumu kidogo, kinene kama kidole gumba, na kilikuwa na ubaridi. Hakukivuta. Alikikwaruza hapohapo kwa kucha, akachomoa mkono, akaangalia ukucha wake juani.

Mweupe. Umelowa. Akanusa. Asali.

Akajilaza chali pale pale, kwenye udongo, akaachia pumzi ambayo nadhani alikuwa kaishika tangu bondeni. Akaanza kucheka. Anacheka, machozi yanaingia masikioni.

"Vipi?" Redio akauliza, kashika uzio kwa mikono miwili. "Vipi, wewe mtoto? Sema basi!"

"Mweupe!"

Redio akapiga kigelegele mpaka kuku wa watu wakatawanyika. Shangazi alipopigiwa alikisikia kabla hajaambiwa neno, akasema tu, "Ahsante, Mungu," halafu akarudi kuwa Shangazi: "Sasa nirudishie matone yangu. Na usilete zile presha zako. Chururu si ndo ndo ndo."

Hapo fundi akakutana na kazi ngumu kuliko vyoo vya jengo zima. Maisha yake yote kajifunza kuzuia maji. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuvujisha. Alilegeza kona, ikamwaga. Akaikaza kidogo, ikanyamaza. Akailegeza tena kama unywele, ikarusha mkojo wa panya ukutani. Alitukana. Akajizuia. Akatukana kwa sauti ya chini. Alitoa tepu, akaweka tepu, akajaribu uzi wa katani, akajaribu kitambaa.

Rafiki yake fundi umeme alipita kumchukua wakale, akamkuta ameshika spana anapumulia bomba.

"Unafanya nini?"

"Nalivujisha."

"Bomba zima? Jipya?"

"Zima. Jipya."

Rafiki akamtazama machoni, akamshika paji la uso kwa nyuma ya mkono. "Kaka, una homa?"

"Ondoka nisikutie spana."

"Haya, homa hana," rafiki akamwambia Redio, na akaondoka zake.

Jua lilikuwa limelalia upande ndipo alipolipata tone lenyewe. Alitoa ile tepu yake nzuri yote, akaacha mizunguko michache ya katani, akakaza kwa mkono mtupu, bila spana. Tone likajikusanya chini ya kona, likanenepa, likafikiri, likaachia. Ndo. Akasubiri. Ndo. Akarudisha udongo kwa viganja juu ya ule mzizi, akauchimbia kijifereji cha kuufikishia tone. Hakuwahi kuweka kiungio kibaya kama kile, na hakuwahi kuondoka kazini ameridhika vile.

Sasa subiri. Presha na kusubiri, nani kawaona pamoja? Lakini kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anachutama pale na kikombe cha chai, anaangalia tope. Lilianza kuwa jeusi katikati, doa la sahani. Halafu la sinia. Alikuwa anakaa mpaka chai inapoa. Mafundi wenzake wakaona ameanza kuchelewa, wakadhani kapata mchumba. Waliomjua zaidi waligundua kitu kingine: mteja akimkoromea, anamwacha amalize.

Chipukizi la kwanza aliliona Redio. Lilikuwa jekundu, limechongoka, limetoa pua tu nje ya tope. Alimwita Presha kwa kelele ya moto, Presha akatoka na taulo, sabuni kichwani, akijua nyumba inaungua.

"Tazama!"

Akatazama, povu linamwingia machoni. Hakulifuta.

"Usilitangaze," akasema. "Lisije likapata kijicho."

"Mimi tena! Nimtangazie nani?"

Mpaka mchana mtaa wote ulijua.

Shangazi alirudi mjukuu alipoanza kucheka na watu. Alishuka kwenye teksi, hakuingia ndani. Alipita ubavuni mwa nyumba na begi lake, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kwa safari, na Presha akamfuata nyuma kama mtuhumiwa anayefuata askari. Mashina yalikuwa machache, hayafiki kiunoni. Ila mawili yalikuwa yamefungua. Na juu ya moja alikuwepo mgeni mmoja, mweusi, mnene, anazunguka kishada huku ananguruma kama anadaiwa. Akamaliza, akapaa akiyumba, akaenda akatua kwenye ua la mpasheni.

Shangazi akaweka begi chini, akaketi juu yake. Presha akawa anahesabu makosa yake yote mapya na ya zamani.

"Hii kona nani kaifunga?" Shangazi akauliza.

"Mimi."

"Inadondoka vizuri kuliko ile ya mwanzo."

Ndipo Presha akakaa chini na yeye.

Lakini Shangazi hakuwa amemaliza. Alivua viatu, akaingia topeni na miguu yake ya safari. "Niletee kisu kikubwa."

"Cha nini?"

"Kalete."

Akakileta. Shangazi akapapasa chini ya tope, akapata pale mzizi ulipogawanyika, akaweka kisu, na kabla Presha hajaelewa, chwaa! Akakata katikati.

"Shangazi!" Alipiga kelele ya kweli, ya mtu aliyeibiwa. "Nimelala kifudifudi kwa ajili ya huo mzizi! Nimekula udongo!"

"Najua."

"Sasa unakata?"

"Miaka yote nimeuweka hapa peke yangu, nikiogopa hata kuugawa. Nikaona ndiyo kuutunza." Alinyanyua kipande kilichokatwa, tope linachuruzika mkononi, cheupe ndani kama nazi. "Kitu kikikaa pahali pamoja, fundi mmoja anatosha kukiua. Redio! Leta beseni!"

Redio alikuwa na beseni tayari. Wala usiniulize alijuaje. Aliupokea mzizi kwa mikono miwili, akaufunika kwa tope, akaanza kwenda nao mwendo wa harusi, kisha akasimama katikati ya uwanja wake na kugeuka.

"Nitauweka wapi? Kwangu hakuna panapovuja."

Ilikuwa kweli. Presha mwenyewe ndiye aliyefunga mabomba ya nyumba ile, kazi ya kwanza kabisa aliyoifanya peke yake, ile aliyokuwa akiwapeleka wateja kuitazama. Kavu kila kiungio. Alikwenda, akaikagua kuanzia barabarani mpaka koki ya nyuma, akaweka kiganja hapa na pale, akafumba macho. Akachagua kona iliyo kivulini. Akapiga goti, akaweka spana, akavuta pumzi.

"Taratibu," Shangazi akamwambia kutoka juu ya uzio.

"Niachieni kazi yangu," Presha akasema, lakini bila ukali, akaanza kuilegeza.